Gari limegoma kuchaji: kagua nyumba kabla ya kuagiza chaja nyingine

Mtu wa Mtwara au Lindi anayeagiza gari la kuchomeka kwenye umeme, mara nyingi analipata mtumba kutoka Japani: Mitsubishi Outlander PHEV, Nissan Leaf, au Toyota Prius ile yenye mdomo wa chaji. Gari linafika, linachaji vizuri kwa muda, kisha siku moja taa nyekundu inawaka. Simu ya kwanza inapigwa Kariakoo kuulizia chaja mpya. Chaja inakuja kwa basi, inachomekwa kwenye soketi ile ile, nayo inagoma vilevile.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia ukutani.

Kuna jambo moja la kulielewa kwanza, maana mengine yote yanalitegemea. Kile kiboksi chenye waya tunachokiita chaja hakichaji kitu. Chaja yenyewe imefungwa ndani ya gari; ndiyo inayogeuza umeme wa AC wa ukutani kuwa DC wa betri. Kazi ya kiboksi ni kukagua usalama, kuliambia gari liruhusiwe kuvuta ampea ngapi, kisha kufunga swichi. Kikiona kasoro, hakifungi. Kiboksi kinachokataa kuwasha mara nyingi ndicho kifaa kizima kuliko vyote vilivyo hapo.

Hakuna taa yoyote inayowaka

Anza na mambo ya kitoto. Uniti za LUKU zimeisha? Breka ya soketi imeshuka? Fyuzi ya ampea 13 ndani ya plagi imeungua? Usipime soketi kwa chaja ya simu, kwa sababu simu itachaji hata kwenye soketi iliyochoka kabisa. Chomeka pasi. Ikipata moto haraka na soketi isilalamike, umeme unafika.

Kama soketi iko nje, barazani au kwenye gereji ya mabati, ifungue baada ya kuzima meini swichi. Sisimizi wanapenda sana joto la soketi, na mijusi hukatiza ndani ya boksi la breka. Kuwatoa ni kazi ya dakika chache.

Kama waya ulikuja na gari kutoka Japani, soma lebo yake kabla ya chochote. Japani wana soketi za volti 100 na za volti 200. Waya ulioandikwa 100V pekee usiuchomeke kwenye umeme wetu wa 230 hata kwa majaribio. Ulioandikwa 200V unaweza kufanya kazi, lakini ulitengenezwa kwa mfumo ambao nyaya zote mbili zina umeme, kila moja volti 100 dhidi ya ardhi. Kwetu waya mmoja ni moto wenye 230 na wa pili ni nyutro, wa kurudishia umeme. Viboksi vingine vinavumilia tofauti hiyo, vingine vinawasha kosa. Juu ya hapo plagi yake haiingii kwenye soketi zetu, kwa hiyo mtu anaikata na kufunga nyingine, au anatumia adapta ya kubahatisha. Ushauri wangu: uweke waya huo stoo, ununue wa volti 230 wenye mdomo unaolingana na gari lako. Magari hayo ya Japani yana mdomo wa Type 1, wenye pini 5. Ya Ulaya mengi ni Type 2, yenye pini 7. Ya China yaliyotengenezwa kwa soko la kwao yana mdomo wa GB/T, unaofanana na Type 2 kwa mbali lakini hauingiliani nao. Piga picha ya mdomo wa gari na umtumie muuzaji. Usimtajie jina la gari peke yake.

Taa ya kosa la ardhi. Au gari linachaji masika na kugoma kiangazi

Hili ndilo tatizo lenyewe kwa pwani yetu, na ndilo linalofichwa kwa ufundi mbaya kuliko mengine.

Kiboksi kinapima kama waya wa ethi unafika ardhini kweli. Nyumba nyingi zina fimbo moja ya ethi iliyopigwa chini siku ya kufunga umeme, ikafunikwa na zege au maua, na haijaguswa tena. Udongo wa Shangani, wa Mikindani na wa Lindi mjini karibu na bahari una mchanga mwingi. Mvua za Desemba hadi Aprili zikiwepo, mchanga una unyevu na umeme unapita. Ikifika Agosti na Septemba umekauka, ukinzani (ugumu wa umeme kupita) unapanda, na kiboksi kinasema hapana. Mvua zikirudi gari linachaji tena, mwenye nyumba anadhani limejiponya. Ukiona mpangilio huo wa majira, usitafute kosa kwingine.

Upepo wa chumvi nao unakula kile kibano kinachoshika waya kwenye fimbo. Fukua taratibu, tazama. Kijani na unga mweupe maana yake mguso umekufa hata kama fimbo ni nzima. Kwangua, funga kibano kipya cha shaba, kaza. Mara nyingine kazi inaishia hapo.

Isipoisha, fimbo iongezwe. Fimbo ya pili ipigwe mbali na ya kwanza kwa umbali usiopungua urefu wa fimbo yenyewe, au fimbo ndefu iungwe ifike kwenye unyevu wa kudumu. Fundi apime kwa kipimo cha ethi chenyewe. Maltimita ya kawaida itakudanganya: itaonyesha volti 230 kati ya moto na ethi hata ethi ikiwa mbovu, kwa kuwa yenyewe inavuta umeme kidogo mno. Kipimo kikivuka omu 200, usikiamini hata kama leo gari linachaji. Kitahama na majira. Wapo wanaomwaga chumvi na mkaa kuzunguka fimbo. Kipimo kinashuka kweli, lakini chumvi inaila fimbo. Bahari inatosha kwa kazi hiyo.

Sasa lile la hatari. Fundi anakuja, anaona taa ya ethi, anafungua soketi na kuunganisha nyutro na ethi kwa kipande cha waya. Taa inazima, gari linachaji, analipwa na kuondoka. Siku nyutro ikikatika kwenye nguzo, na zinakatika, bodi nzima ya gari lako itakuwa na volti 230 dhidi ya ardhi, na mtoto aliyesimama peku uani ndiye atakayekuwa njia ya kurudi. Kiboksi hakitalinda kitu, kwa sababu kimeshadanganywa. Ukishuku kazi ya namna hiyo imefanyika kwako, zima meini, fungua soketi, angalia. Ukikuta hicho kipande, kitoe na umtafute fundi mwenye leseni ya EWURA.

Baadhi ya viboksi huwasha taa hiyo hiyo pale moto na nyutro vilipobadilishana nafasi kwenye soketi. Tesa ya bisibisi inatosha kuligundua hilo: moto uwe upande wa kulia ukitazama soketi usoni, pini ya ethi ikiwa juu.

Plagi au soketi inachemka, inanuka, imebadilika rangi

Acha kuchaji. Usingoje asubuhi.

Plagi yetu ya pini tatu imeandikwa ampea 13, na pasi inaimudu kwa kuwa pasi hujikata na kuwaka, kisha inazimwa. Gari linavuta mfululizo saa 5 au 10 bila kupumzika. Kwa kazi hiyo, ampea 10 ndizo kikomo cha busara kwa soketi nzuri, na 6 au 8 kwa soketi usiyoijua. Kinachochemka kwa kawaida ni mguso uliolegea: skrubu haikukazwa, springi ya ndani imechoka, au shaba imeota kutu ya chumvi. Ukinzani wa nusu omu pekee kwenye mguso, ukipitisha ampea 10, unatoa wati 50. Hiyo ni kama kuifungia balbu ya zamani ndani ya soketi na kuiacha usiku kucha.

Jaribio langu ni la mkono. Chaji nusu saa, chomoa, shika pini. Uvuguvugu ni kawaida. Ukishindwa kuzishika, soketi hiyo imemaliza maisha yake kama soketi ya gari. Badilisha soketi na plagi zote mbili, maana pini zilizoungua zitaiharibu soketi mpya.

Ekstensheni ni sura nyingine ya ugonjwa huo huo. Kamba ya milimita za mraba 1.5 yenye urefu wa mita 30 inapoteza karibu volti 9 ikibeba ampea 10, yaani wati 90 hivi za joto kwenye kamba. Ikiwa imenyooshwa barazani, joto linatawanyika. Ikiwa bado imezungushwa kwenye roli lake, inayeyuka. Nimeona roli lililogeuka donge moja la plastiki, na mwenyewe akauliza kama linaweza kufunguliwa.

Tiba ya kudumu ni laini ya peke yake kutoka kwenye boksi la breka hadi mahali gari linapolala. Kwa chaji ya ampea 16 tumia waya wa milimita za mraba 4, breka ya ampea 20, na soketi ya viwandani ya bluu yenye pini tatu za duara, ile ya ampea 16 yenye kifuniko. Wauza vifaa vya umeme wanaijua kwa jina la soketi ya indastrio. Inashika pini kwa nguvu, haibabaishwi na vumbi, na bei yake ni ndogo ukilinganisha na gari. Ukitaka kujiandaa kwa chaja ya ukutani ya ampea 32 hapo baadaye, vuta waya wa milimita 6 moja kwa moja, kwani kuvunja ukuta mara mbili ni ghali kuliko tofauti ya waya.

Breka inakata

Tofautisha ni breka ipi. Ikikata breka ya kawaida ya laini baada ya dakika kadhaa, mzigo umezidi: gari, pasi na pampu ya maji viko laini moja. Ikikata RCD, ile yenye kitufe cha majaribio, umeme unavuja mahali.

RCD ikikata papo hapo baada ya mvua, kagua mdomo wa waya na mdomo wa gari. Maji yenye chumvi yanapitisha umeme vizuri kuliko maji ya mvua peke yake, na gari linalolala mita chache kutoka ufukweni linapakwa chumvi kila usiku. Futa kwa kitambaa kikavu, acha likauke, nyunyiza dawa ya kusafishia miguso ya umeme. Usipake grisi ya bearingi kwenye pini. Inakusanya vumbi na kuzuia mguso. Kiboksi kininginie ukutani, kisilale sakafuni, na waya ushuke chini kidogo kabla ya kupanda kwenye kiboksi, ili maji yadondoke pale kwenye mkunjo.

RCD ikikata bila mvua, angalia herufi za aina yake. Type AC ndiyo ya bei nafuu na imejaa madukani, lakini magari ya umeme yanaweza kuvujisha DC kidogo, ambayo aina hiyo haiioni na inaweza hata kupumbazwa nayo. Weka Type A, na uhakikishe kiboksi chako kina ulinzi wa DC wa miliampea 6 ndani yake. Maelezo ya kiboksi yasipotaja hilo, jibu ni Type B, na hiyo bei yake itakukera.

Chaji inakatika jioni na kurudi usiku

Huo ni umeme mdogo. Kuanzia saa moja jioni feni, friji, televisheni na viyoyozi vya mtaa mzima vinawaka, na nyumba iliyo mwisho wa laini, mbali na transfoma, inaweza kuona volti 190 badala ya 230. Wengine watasema gesi ya Mnazi Bay na ya Songo Songo inatoka kwetu, umeme mdogo wa nini? Gesi inazungusha mitambo. Volti ya sebuleni kwako inaamuliwa na waya wa mwisho kutoka transfoma hadi mita yako.

Pima mara mbili, gari likichaji na lisipochaji, tena mahali pawili: kwenye boksi la breka na kwenye soketi. Volti ikishuka sana kwenye soketi lakini boksini iko sawa, nyaya zako ni nyembamba au zimelegea. Ikishuka boksini pia, kosa liko kwenye waya wa kutoka nguzoni au laini yenyewe, na hiyo ni kazi ya TANESCO. Usipande nguzo, wala usimtume kijana yeyote apande.

Kwa nyumba ya fezi tatu kuna dalili moja ya kuogopa: gari likianza kuchaji, taa za vyumba vingine zinaongezeka mwanga na nyingine zinafifia. Nyutro imelegea. Zima meini mara moja, la sivyo friji na televisheni vitakwenda na maji.

Stebilaiza ya friji haiwezi kazi hii. Gari linalovuta kilowati 3 linahitaji stebilaiza ya kVA 5 ya kweli, na nyingi zilizoandikwa 5 hazifikii. Ni rahisi zaidi kupunguza ampea na kuhamishia chaji saa sita usiku hadi alfajiri. Ukinunua kiboksi, nunua kinachokuruhusu kuchagua ampea: 6, 8, 10, 13, 16. Kwangu kitufe hicho kina thamani kuliko skrini ya rangi na programu ya simu.

Kila kitu kiko sawa, lakini gari halianzi kuchaji

Kiboksi kina taa ya kijani, mdomo umeingia, gari kimya. Hapa shuku taima ya gari.

Huko Japani wenye magari wengi waliweka chaji ianze usiku, kufuata umeme wa bei nafuu, kwa mfano kuanzia saa 23:00 hadi 7:00. Mipangilio hiyo inaweza kusafiri na gari hadi bandarini. Na hapa kuna mtego wenye kuchekesha. Japani iko mbele yetu kwa saa 6, nasi saa zetu za Kiswahili zinatofautiana na uso wa saa ya kizungu kwa saa 6 pia. Gari ambalo saa yake haijaguswa, na inaonyesha kwa mtindo wa saa 12, itasoma 1:00 ikiwa saa moja kamili asubuhi, na 4:00 ikiwa saa nne. Unaitazama, unaona iko sawasawa kama ya babu ukutani, na hushuku kitu. Kumbe gari linaamini ni mchana wakati kwako ni asubuhi. Taima ya 23:00 inawasha chaji saa kumi na moja jioni, inapita katikati ya ule umeme mdogo wa jioni, na saa saba usiku inafunga. Ukirudi kutoka Masasi saa nane usiku na kuchomeka, gari litakaa kimya hadi kesho jioni.

Weka saa ya gari kwa mtindo wa saa 24, kisha futa taima. Menyu ikiwa ya Kijapani, elekeza kamera ya simu yenye tafsiri kwenye skrini. Nissan Leaf za mwanzo zina kitufe kwenye dashibodi cha kuipuuza taima na kuanza papo hapo.

Taima ikiwa safi, angalia betri ndogo ya volti 12. Ikiwa imelala, kompyuta za gari haziamki na chaji haianzi, hata betri kubwa ikiwa nzima. Gari lililokaa melini na bandarini muda mrefu mara nyingi lina betri ya 12 iliyochoka. Mwisho, kwenye Type 1, hakikisha kile kitufe cha kidole gumba kimerudi juu. Mchanga ukikibana kikabaki chini, gari linadhani unataka kuchomoa.

Inachaji, lakini polepole

Piga hesabu kabla ya kulalamika. Volti 230 mara ampea 10 ni kilowati 2.3. Outlander za mwanzo, zenye betri ya kilowati-saa 12, zitajaa kwa saa 5 hivi. Leaf ya kilowati-saa 24 ikiwa tupu itachukua usiku mzima. Kwa ampea 6, zidisha muda huo kwa 1.7.

Wengi hukimbilia chaja ya ukutani ya kilowati 7. Chaja ya ndani ya Leaf za mwanzo inapokea kilowati 3.3 tu, na Outlander inaishia 3.7. Kiboksi cha kilowati 7 kitalipatia gari kile kile lilichokuwa likipata kwenye soketi ya bluu. Chaja kubwa ina maana kwa mwenye gari jipya lenye uwezo huo, au anayepanga kulinunua.

Gari likifika limechemka kutoka safari ndefu, Leaf hasa, ambayo betri yake haina mfumo wa kupoozwa, lipumzishe kivulini kabla ya kuchomeka. Joto la Mtwara mwezi wa Novemba halisaidii.

Kuhusu uniti, yaani kilowati-saa: chaji kamili ya Outlander ya mwanzo inakula uniti 10 hivi. Kwa bei ya kawaida ya TANESCO, shilingi 350 na ushee kwa uniti pamoja na kodi na tozo, ni shilingi 3,500 hadi 4,000. Aliye kwenye daraja la D1, la shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, ajue kwamba chaji saba tu zinammalizia nafasi hiyo, na akiendelea atahamishwa daraja. LUKU ikionekana inakula ghafla, sababu inaweza kuwa hiyo, wala mita haina kosa.

Jenereta na sola

Jenereta ndogo nyingi hazijaunganisha nyutro na fremu, kwa hiyo kiboksi kinaona hakuna ethi na kinakataa. Fundi anaweza kuweka muunganiko huo kwenye jenereta yenyewe, ikiwa haijaungwa na nyaya za nyumba, pamoja na fimbo yake ardhini. Chini ya kVA 3 usijaribu. Inveta ya sola iwe ya wimbi safi (pure sine wave), na ampea ziwe 6 wakati wa jua kali.

Likibaki gari lenyewe

Peleka gari na waya wako kwenye nyumba nyingine yenye ethi iliyopimwa. Likichaji huko, kosa liko kwako. Lisipochaji, azima waya mwingine wa Type 1 ujaribu hapo hapo. Likigoma kwa nyaya mbili kwenye nyumba nzima, ndipo uangalie pini za mdomo wa gari kama zimeungua au kupinda, kisha usomewe namba za hitilafu (code) kwa kifaa kinachosoma mfumo wa gari la umeme; mashine ya kawaida ya gereji inaweza isione chochote. Mwandikie fundi mambo manne kabla hajafika: rangi na mpigo wa taa za kiboksi, kosa linatokea saa ngapi, volti uliyopima, na namba za hitilafu zilizosomwa. Nyaya nene za rangi ya chungwa chini ya boneti zina mamia ya volti za DC, na RCD ya nyumbani haizilindi. Asiyesomea kazi hiyo asifungue, hata akiwa ndiye fundi bora wa Land Cruiser Mtwara nzima.